Akiichezea Zanzibar Heroes, atafungiwa Taifa Stars?

"Mwanangu ana miaka 19. Amezaliwa Unguja, baba yake Mzanzibari, mimi ni mzaliwa wa Mombasa. Yuko klabu moja ya Ligi Kuu Bara kwa mkataba wa miaka mitatu. Sasa ametajwa kwenye kikosi cha awali cha Zanzibar Heroes kwa ajili ya Kombe la Chalenji. Mtaani wanamwambia akishavaa jezi ya Zanzibar, Taifa Stars aisahau, FIFA watamfungia. Wajomba zake wa Mombasa wanasema asicheze kokote, achukue kitambulisho cha Kenya asubiri Harambee Stars. Klabu imemwambia kwa mdomo kwamba haitamruhusu, na wengine wanamwambia klabu haina haki ya kukataa. Mimi mama yake naogopa akivunjika mguu huko, nani atamtibu? Nimwambie aende au abaki?"

Mama, hongera kwanza kwa malezi. Kijana wa miaka 19 kutajwa na Heroes, hata kama ni kikosi cha awali tu, ni dalili kwamba kuna watu wanamtazama. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na naona hofu zako zimepangwa kinyume. Lile la FIFA, ambalo mtaa mzima unalipigia kelele, ndilo jepesi kuliko yote. Lile la kitambulisho, ambalo wajomba wanalisema kama vile ni kwenda dukani kununua sukari, ndilo linalonitia wasiwasi.

Tuanze na FIFA, tulimalize.

Shirikisho la soka la Zanzibar, ZFF, si mwanachama wa FIFA. Kwa CAF, shirikisho la soka la Afrika, ni mwanachama mshiriki tu. Mnamo Machi 2017, kwenye mkutano wa Addis Ababa, Zanzibar ilipewa uanachama kamili na kuwa chama cha 55 cha bara hili. Furaha haikudumu. Julai ya mwaka huohuo, CAF ilikutana Morocco na kuufuta uamuzi ule, kwa hoja kwamba haiwezi kuwa na vyama viwili kutoka nchi moja. Ndiyo maana mpaka leo klabu za visiwani zinashiriki Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho, lakini timu ya taifa ya Zanzibar haiingii kwenye mechi za kufuzu AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, wala Kombe la Dunia. CECAFA, baraza la soka la ukanda wetu, ndilo linaloitambua kama timu inayojitegemea. Kwenye Chalenji, ambayo ni mashindano ya CECAFA, Tanzania kwa hiyo huingia na timu mbili, Kilimanjaro Stars ya Tanzania Bara na Zanzibar Heroes. Taifa Stars, ambayo ni timu ya Muungano, haimo kabisa katika mashindano hayo. Wengi hawalijui hili, na hapo ndipo uvumi wa mtaani unapozaliwa.

Mchezaji hufungwa na FIFA anapoichezea timu ya chama ambacho ni mwanachama wake, katika mashindano rasmi, yaani yale yanayoandaliwa na FIFA yenyewe au na shirikisho la bara. Hata akiingia dakika ya 89 inatosha. Mechi ya kirafiki haifungi. Kwa kuwa Zanzibar si mwanachama, hakuna kamba ya kumfungia mwanao. Kisha uraia wake ni wa Tanzania, na timu pekee ya Tanzania ambayo FIFA inaijua ni ile ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Akitoka Heroes akaenda Taifa Stars, mbele ya FIFA hajahama popote.

Mifano iko wazi. Nadir Haroub, yule tuliyemwita Cannavaro, aliiongoza Taifa Stars kama nahodha na Zanzibar Heroes aliichezea vilevile. Aggrey Morris, Mudathir Yahya na Feisal Salum wote wamevaa jezi zote mbili. Atakayekuja tena na habari ya kufungiwa, mwulize hao walifungiwa lini.

Upande wa pili wa jambo hilihili ni kwamba mechi za Heroes hazimjengei rekodi yoyote ya kimataifa mbele ya FIFA. Usikubali wakala akuambie kijana "amepata kofia tatu za kimataifa", yaani mechi tatu za timu ya taifa, kwa sababu alicheza Chalenji na Zanzibar.

Sasa klabu. Hapa watu wengi wenye nia njema wamempotosha kijana.

Ipo kanuni ya FIFA inayozilazimisha klabu kuwaachia wachezaji wao waende timu za taifa, lakini ina mipaka. Inahusu siku zilizotengwa kwenye kalenda ya kimataifa, zile ambazo ligi za dunia nzima husimama, pamoja na fainali za Kombe la Dunia na za ubingwa wa bara. Chalenji huchezwa mara nyingi kuelekea mwisho wa mwaka na huchukua wiki mbili hivi. Ile ya 2017 kule Kenya ilichezwa Desemba. Mashindano ya namna hiyo yako nje ya kalenda. Hata yangekuwa ndani, wito unatoka kwa ZFF, na FIFA haiwezi kumlazimisha mtu kwa niaba ya chama ambacho si mwanachama wake. Klabu ina haki ya kukataa, mama. Haipendezi, lakini ni haki yake. Na kwa sababu hiyohiyo, kijana akisema hapana hakuna adhabu ya FIFA itakayomfuata.

Inashangaza kidogo Chalenji kukosa nafasi kwenye kalenda, ukizingatia umri wa kombe lenyewe. Lilianza 1926 likiitwa Gossage, Kenya na Uganda peke yao, miaka 31 kabla ya CAF kuzaliwa. Likawa Chalenji ya Afrika Mashariki mwaka 1967, na tangu 1973 liko chini ya CECAFA. Lakini umri haulipi kombe nafasi kwenye kalenda ya dunia. Klabu ndiyo inayomlipa mchezaji mshahara, na katikati ya msimu kocha wake hataki kumwona kiungo anarudi na nyama ya paja imechanika.

Hata hivyo "hapana" ya klabu mara nyingi si ya mwisho. Ikiwa ligi itasimama wakati huo, sababu yao kubwa imeondoka. Ikiwa kijana hapangwi mara kwa mara, wiki mbili za mechi za ushindani zinaweza kuwafaa hata wao. Miaka ya nyuma nimeona viongozi wa klabu waliokataa Jumatatu wakakubali Ijumaa baada ya kuandikiwa barua ya heshima yenye tarehe za kuondoka na kurudi, na ahadi kwamba mchezaji atapimwa kabla na baada. Barua hiyo haiandiki mwanao. Inatoka ZFF kwenda kwa klabu, rasmi. Mwambie aiombe kwa adabu, na asimame pembeni taasisi mbili zizungumze.

Asiondoke kambini kwa klabu bila ruhusa ya maandishi, hilo ndilo asilifanye kamwe. Wapo watakaomtia moyo kwamba "taifa kwanza". Akiondoka hivyo amevunja mkataba, na mkataba wa miaka mitatu ni silaha inayokata pande zote mbili. Klabu inaweza kumkata mshahara au kumsimamisha kwa kufuata kanuni zake za nidhamu, na inaweza pia kumweka benchi msimu mzima bila kuvunja kanuni yoyote. Mchezaji wa miaka 19 hawezi kushinda vita hiyo.

Jingine la kuliangalia ni kama mashindano yenyewe yapo. Chalenji ya wakubwa haikufanyika 2016 wala 2018. Ya 2019 ilichezwa Uganda na wenyeji wakalichukua kombe kwa kuifunga Eritrea 3-0. Iliyofuata, 2021 kule Ethiopia, ilikuwa ya vijana chini ya miaka 23. Kikosi cha awali kinaweza kutangazwa, na mashindano yakasogezwa au yakafutwa. Asigombane na mwajiri wake kwa ajili ya ratiba ambayo bado haijatoka.

Sasa swali lako mwenyewe, la mguu. Ndilo swali la maana kuliko yote kwenye barua yako, na wala hukulipa nafasi kubwa.

FIFA ina mpango wa kuzilinda klabu, ulioanza 2012, ambao hulipa mshahara wa mchezaji aliyeumia akiwa na timu ya taifa ya wakubwa na kukaa nje zaidi ya siku 28 mfululizo. Watu huusikia wakadhani kila mchezaji wa taifa ana bima. Sivyo. Kwanza, fedha hizo huenda kwa klabu kufidia mshahara, hazimlipi daktari. Pili, mpango unahusu mechi za timu A, yaani timu ya taifa ya wakubwa, zilizo ndani ya kalenda ya kimataifa. Chalenji haimo, na Zanzibar haimo. Mwanao akiumia kule, FIFA haitoi hata senti.

Kinachobaki ni kile kilichoandikwa. Kabla hajapanda boti au ndege, nataka uone karatasi mbili. Ya kwanza ni ya ZFF, inayoeleza nani analipia matibabu akiumia mazoezini au kwenye mechi, mpaka kiasi gani, na kwa muda gani. Neno "tutamhudumia" halitoshi. Kano ya mbele ya goti ikikatika, anahitaji kipimo cha MRI, upasuaji, kisha mazoezi ya viungo ya miezi tisa au zaidi kabla ya kurudi uwanjani. Timu itakuwa imevunja kambi zamani, na hapo ndipo familia hubaki inachangishana. Uliza waziwazi kama huduma inaendelea baada ya mashindano kwisha. Karatasi ya pili ni ya klabu, ikisema mambo mawili: kwamba inamruhusu kwa tarehe hizi mpaka hizi, na kwamba mshahara wake utaendelea hata akirudi ameumia. La pili ndilo linalosahauliwa. Mikataba mingi ya ligi zetu inasema klabu itamtibu anayeumia "akiwa katika kazi ya klabu". Usome mkataba wake ukitafuta maneno ya namna hiyo. Yakiwemo, bila barua ya klabu kijana atakuwa amesimama katikati, huku si kazi ya klabu na kule kambi imefungwa.

Kama tayari ana maumivu ya goti, nyonga au kifundo, hata yale anayoyaita madogo, mpeleke kwa daktari wa mifupa au wa michezo kabla ya kuripoti kambini, na uombe majibu kwa maandishi. Ni kwa afya yake, na pia ili kesho pasiwe na ubishi kwamba alikuja akiwa mbovu. Goti likivimba ndani ya saa chache baada ya kuumia, au akisikia kitu kimepasuka na mguu ukawa unamkatalia kusimama, hilo si la kuchua na barafu peke yake wala kusubiri kambi ivunjwe. Aonwe hospitali siku hiyohiyo.

Nimewaacha wajomba mpaka mwisho kwa makusudi.

Kwa sheria za Kenya hawajakosea sana. Katiba ya 2010 inasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa baba au mama yake ni raia wa Kenya, hata kama amezaliwa nje ya nchi. Kenya pia inaruhusu uraia wa nchi mbili. Ikiwa wewe ulikuwa raia wa Kenya alipozaliwa, ana madai halali, na FIFA ingelitambua dai hilo bila kumtaka aishi Kenya miaka kadhaa.

Tatizo liko upande wa pili wa mpaka. Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Aliyezaliwa akiwa na haki ya uraia wa pande mbili hutakiwa kuchagua anapofikia utu uzima, na mwanao ana miaka 19. Akienda Mombasa likizo akachukua kitambulisho "kwa akiba tu", anaweza kurudi akiwa ameweka uraia wake wa Tanzania mashakani. Ukienda uraia, na pasipoti imekwenda, na Taifa Stars imekwenda. Hata usajili wake kwenye ligi unabadilika, kwa kuwa atahesabiwa mchezaji wa kigeni, na klabu yake ina idadi maalumu ya wageni inaoruhusiwa kuwasajili. Haya yote kwa ajili ya Harambee Stars ambayo haijamwita.

Hesabu ya FIFA nayo si rahisi kama wanavyodhani. Tangu 2020 mchezaji anaweza kubadili nchi mara moja hata baada ya kuichezea timu ya wakubwa mechi rasmi, lakini kwa masharti: asiwe amezidisha mechi tatu, zote ziwe kabla hajatimiza miaka 21, ziwe zimepita miaka mitatu tangu ya mwisho, asiwe amecheza fainali za Kombe la Dunia au za bara, na awe alikuwa tayari na uraia wa nchi anayoihamia siku alipocheza mechi yake rasmi ya kwanza. Masharti hayo yanahusu Taifa Stars. Chalenji akiwa na Zanzibar haiingii kwenye hesabu hii. Niambie lakini jambo moja ambalo barua yako haikulitaja: amewahi kucheza mechi za CAF akiwa na timu za taifa za vijana, Serengeti Boys (chini ya miaka 17) au Ngorongoro Heroes (chini ya miaka 20)? Mechi rasmi za vijana nazo zinaandikwa. Kama amewahi, njia ya Kenya inahitaji maombi rasmi kwa FIFA, si kitambulisho tu.

Kwa hiyo suala la uraia msilijibu kwa simu na wajomba, wala kwa makala kama hii. Nendeni Uhamiaji, au kwa wakili anayeijua sheria ya uraia, mkiwa na cheti chake cha kuzaliwa na nyaraka zako wewe. Na nendeni kuuliza hata kama hana mpango wowote na Kenya, maana kwa umri wake ni vizuri kujua kama sheria inamtaka akane rasmi upande mmoja. Mpaka hapo, asijaze fomu yoyote upande wowote.

Umeniuliza aende au abaki. Klabu ikitoa ruhusa kwa maandishi na suala la matibabu likajibiwa kwa maandishi, ningemwambia aende, na aende kwa moyo mkunjufu. Sisemi hivyo kwa ajili ya uzalendo peke yake. Kwa kijana anayecheza dakika chache Bara, kukutana na Uganda au Kenya mbele ya uwanja uliojaa ni shule ambayo mazoezi hayampi. Kumbuka 2017: Heroes waliifunga Bara 2-1 kwenye makundi, wakaitoa Uganda kwa mabao hayohayo kwenye nusu fainali, wakapoteza kwa Kenya kwa penalti tu baada ya sare ya 2-2. Visiwani hawajalichukua kombe hilo tangu 1995 walipowafunga Waganda kwao, na kila kizazi kinalitaka. Makocha na mawakala huwa wanakaa jukwaani, na anayecheza vizuri huondoka na namba za simu.

Klabu ikikataa kwa maandishi, abaki, na barua ya kukataa aitunze. Awapigie ZFF simu mwenyewe, aseme kwa heshima kwamba hakuruhusiwa. Makocha wa taifa wanaielewa hali hiyo na humwita tena mchezaji aliyewajibu vizuri. Asiyejibu simu ndiye anayesahauliwa.

Gumu zaidi ni pale klabu isipojibu chochote, wala ndiyo wala hapana, mpaka siku ya kuripoti. Usichukue ukimya kuwa ruhusa. Mwambie aandike barua pepe fupi kwa katibu wa klabu, akitaja tarehe ya wito na kuomba jibu kabla ya siku fulani, na akutumie nakala. Siku hiyo ikipita bila jibu, apeleke mkataba wake na barua hiyo kwa chama cha wachezaji, SPUTANZA, au kwa wakili wa mambo ya michezo pale Dar es Salaam. Aende mwenyewe na karatasi mkononi, kwa sababu jibu litategemea kifungu kimoja au viwili vya mkataba ambao mimi sijauona.